Shajara ya mradi: Namsoma Frederick Douglass nikiwa Bagamoyo

Agosti 9

Mada imepita. Mwalimu wetu wa fasihi ametaka kila mwanafunzi wa kidato cha tano achague tawasifu ya mtu aliyepitia utoto mgumu, aisome yote mwenyewe, aandike mwitikio wake kwa Kiswahili, kisha ausome mbele ya wadogo zetu wa kidato cha kwanza na cha pili. Nimechagua kitabu cha Frederick Douglass kilichochapishwa Boston mwaka 1845, anamosimulia jinsi alivyozaliwa na kulelewa mtumwa katika jimbo la Maryland, Marekani, mpaka alipotoroka. Kiingereza chake ni cha zamani lakini kinasomeka, na kwa kuwa haki za kunakili zilikwisha siku nyingi, nimekipakua bure kwenye simu.

Sababu ya kukichagua niiandike mapema, kabla kitabu chenyewe hakijaanza kuniongoza. Mimi ni mtoto wa Bagamoyo. Tangu shule ya msingi tumepelekwa Kaole, tumepelekwa Ngome Kongwe, tumesimama mbele ya minyororo kwenye makumbusho ya Misheni ya Kikatoliki, tumekaririshwa njia ya misafara kutoka Ujiji kupitia Tabora mpaka pwani. Kila mara nimerudi nyumbani naijua njia, najua kuhusu pembe za ndovu, najua kwamba mwaka 1873 Sultani Barghash wa Zanzibar alitia saini mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa baharini. Mtoto hata mmoja aliyepita njia ile simjui kwa jina. Sijui alilala wapi, alikula nini, nani alimbembeleza alipolia. Nataka kukaa na mtoto mmoja kwa muda mrefu, na kwa kuwa wa njia yetu sijakutana na kitabu alichokiandika kwa mkono wake, naanza na wa Maryland.

Nimejiwekea sharti moja: nisimlilie. Nimesoma insha nyingi za wanafunzi kuhusu vitabu vya aina hii, na karibu zote zinamwonea mwandishi huruma kurasa mbili tatu kisha zinamshukuru Mungu kwa maisha yetu ya leo. Mtu aliyeweka shingo yake rehani ili aandike anastahili msomaji anayefuatilia alichosema, alivyokisema, na alichokiacha.

Agosti 16

Sura ya kwanza. Douglass anaanza na asichokijua. Mahali anapataja: Tuckahoe, karibu na Hillsborough, wilaya ya Talbot. Tarehe hana. Umri wake ameukisia kwa kumsikia bwana wake mwaka 1835 akisema kwamba yeye ni wa miaka kumi na saba hivi. Watumwa wenzake, anasema, walihesabu kwa majira: wakati wa kupanda, wakati wa kuvuna, wakati wa matunda kuiva.

Mwenzangu tuliyekuwa tunasoma pamoja akasema hilo si la ajabu, hata babu yake hajui siku aliyozaliwa. Ni kweli, na bibi yangu naye hajui. Kitambulisho chake cha taifa kinasema Januari mosi, kama vya wazee wengi wa mtaani kwetu, kwa sababu fomu ilihitaji kujazwa. Tulibishana mpaka adhana ya magharibi, na nafurahi tulibishana, maana ndipo tofauti ilipojitokeza. Ukimuuliza bibi alizaliwa lini, atakutajia mvua za mwaka ule, atakutajia nani alikuwa mjamzito pamoja na mama yake, atakutajia mkunga na ukoo wa mkunga. Waliokuwepo walimkumbukia. Douglass hakuruhusiwa hata kuuliza. Mtumwa aliyemuuliza bwana wake habari kama hizo alihesabiwa kuwa mtovu wa adabu, mwenye roho isiyotulia. Na pale pale shambani watoto wa kizungu walijua umri wao, jambo ambalo, anasema, lilimuumiza tangu angali mdogo.

Kwa hiyo ukurasa wa kwanza hauzungumzii ujinga wa watu wa zamani. Unazungumzia kunyimwa, na anayenyima anajulikana. Insha yangu itaanzia hapo.

Agosti 24

Sura ya tano. Hii ndiyo itakayobeba uzito wa insha.

Anaeleza utoto wake kwenye shamba kubwa la Kanali Edward Lloyd, kabla hajapelekwa Baltimore, na anaeleza kwa vitu vinavyoshikika. Chakula ni mahindi yaliyosagwa kwa chenga na kuchemshwa, yakamiminwa kwenye hori la mbao lililowekwa chini. Watoto wakiitwa wanakimbilia, huyu na gamba la chaza, yule na kipande cha ubao, wengine kwa mikono mitupu, kijiko hakuna. Anayekula kwa kasi ndiye anayepata kingi, mwenye nguvu anapata mahali pazuri, na wanaoinuka wameshiba ni wachache. Nguo ni shati la kitani kigumu linaloishia magotini, mawili kwa mwaka. Yakichakaa kabla ya siku ya mgao, mtoto anakaa uchi. Kitanda hakuna. Usiku wa baridi kali alikuwa akiiba gunia la kupelekea mahindi kinuni, anatambaa ndani, analala kwenye sakafu ya udongo yenye unyevu, kichwa ndani, miguu nje.

Kisha anasema miguu yake ilipasuka kwa baridi kiasi kwamba kalamu anayoandikia ingeweza kulazwa ndani ya nyufa zake.

Sisi wa pwani baridi ya kupasua nyama hatuijui, lakini magaga tunayajua. Bibi anayo, ya miaka na miaka ya shamba la mihogo. Jioni alikuwa amekaa mkekani amenyoosha miguu, nikachukua kalamu yangu nikaipima kwenye ufa mkubwa wa kisigino chake. Haikuingia hata nusu ya unene wake. Bibi akauliza, "We mtoto, unatafuta nini miguuni kwangu?" Nikamweleza. Akanyamaza, kisha akauliza huyo kijana alikuwa na umri gani. Nikamwambia hajafika miaka minane. Akarudisha miguu yake chini ya kanga.

Tangu hapo naiona sentensi ile kama kipimo. Ndani yake wamo wawili: mtoto asiye na kiatu, na mtu mzima aliyekaa mezani anaandika. Douglass hamwombi msomaji machozi, anamkabidhi kifaa akapime mwenyewe. Angeweza kusema kidole, angeweza kusema kijiti. Amechagua kalamu, kitu ambacho wenye mashamba walifanya kila njia kisifike mkononi mwake, akailaza ndani ya jeraha lile lile walilomsababishia. Nimeandika aya mbili juu ya hili na nadhani zitabaki kama zilivyo.

Septemba 3

Leo ndiyo tarehe aliyotoroka Baltimore, mwaka 1838. Nimekaa na sehemu ngumu kuliko zote: mama.

Aliitwa Harriet Bailey. Mtoto akiwa mchanga bado, mama alikodishwa kwa mtu mwingine aliyekuwa mbali kwa maili kumi na mbili hivi, kama kilomita 19. Douglass anasema alimwona mama yake mara nne au tano tu katika maisha yake, na kila mara ilikuwa usiku. Mama alimaliza kazi ya shamba, akatembea njia yote ile, akajilaza na mtoto mpaka alale, na mtoto alipoamka mama ameshaondoka. Asipokuwa shambani jua likichomoza ni bakora. Alifariki mtoto ana miaka kama saba. Mtoto hakuruhusiwa kumwona akiugua, wala akifa, wala akizikwa. Halafu anaandika kwamba habari za kifo hicho alizipokea kama ambavyo angezipokea za mtu baki.

Sentensi hii imetugawa vibaya kwenye kikundi. Mmoja amesema huyu mtu hana moyo, mama ni mama hata umwone mara moja. Mwingine amesema aliandika hivyo kuwafurahisha Wazungu waliomchapishia. Sikubaliani na yeyote kati yao, na nimewaambia sababu, ambayo naiandika hapa pia.

Mimi nimelelewa na bibi. Mama alikwenda Dar es Salaam kufanya kazi za ndani nikiwa bado natambaa, na likizo alizopewa zilikuwa za kuhesabika. Nakumbuka siku moja ya Idi anaingia uani na mfuko wa mikate, mimi nimejificha nyuma ya bibi nimeshika kanga yake. Nikaambiwa, "Mwamkie mama." Nikasema shikamoo kama nilivyowaamkia wageni wote, akaitikia marahaba mwanangu, akainama kunibusu, nami nikageuza uso. Usiku nilikuwa nangoja aondoke ili nirudi kulala kwa bibi. Mama yangu hakuwa mali ya mtu, na siku hizi hatupitishi jioni bila kupigiana simu. Siweki maisha yangu kando ya maisha ya Douglass. Nasema tu kwamba ninajua mtoto anaweza kuwa na mama mwema na asiwe na kitu cha kumlilia, kwa sababu mapenzi ya mtoto hutengenezwa na kuogeshwa, kugombezwa, kufungwa kidonda, kuitwa kula. Siku hizo zikichukuliwa, mtoto hana pa kuyapatia.

Na wenye watumwa walijua. Douglass mwenyewe anasema ilikuwa desturi ya kawaida katika sehemu ile ya Maryland kumtenga mtoto na mama kabla hajatimiza mwaka, na haoni sababu nyingine isipokuwa kuyaua mapenzi yao yasichipue. Basi ile sentensi ya mtu baki naisoma kama ushahidi wa kazi iliyofanyika. Walitaka kukata, wakakata, na huyu hapa aliyekatwa anatuonyesha mahali.

Septemba 12

Mwalimu amenishauri nisiishie 1845. Douglass aliandika maisha yake tena mwaka 1855, kwa kirefu zaidi, na mwalimu anataka nimtafute mama humo. Nimemkuta.

Kulikuwa na mpishi pale shambani, Aunt Katy, aliyemchukia mtoto Frederick. Siku moja akaapa kumnyima chakula kutwa nzima. Usiku ukaingia, watoto wengine wakakatiwa mkate, yeye hakupata. Akapukuchua punje chache za mahindi, akaziweka kwenye majivu ya moto, akazitoa na kuanza kuzitafuna. Mara mama akaingia. Akayasikia yaliyotokea, akamnyang'anya yale mahindi, akampa keki kubwa ya tangawizi, kisha akamgeukia Aunt Katy akamkaripia kwa maneno ambayo mpishi hakuyasahau. Keki ilikuwa na umbo la moyo, ukingo wake umepakwa sukari nyeusi inayong'aa. Mtoto akaila amekaa kwenye magoti ya mama, na anasema usiku ule ndipo alipojua kuwa yeye ni mtoto wa mtu. Akalala. Alipoamka mama hayupo. Humo humo anaeleza kwamba baadaye aligundua mama yake alijua kusoma, peke yake kati ya watumwa na watu weusi wote wa Tuckahoe.

Keki ya umbo la moyo! Na mwaka 1845 haikuwepo hata chembe yake.

Wale wa kikundi waliposikia, yule aliyesema Douglass hana moyo akasema basi kumbe alikuwa nao, kitabu cha kwanza kilidanganya. Nimepekua zaidi ili nimjibu. Mwaka 1855, baada ya kuandika habari za keki, Douglass bado anasema kifo cha mama hakikumtia huzuni kubwa wakati ule. Anasema thamani ya mama yake alikuja kuijua muda mrefu baada ya kufa kwake, kwa kuwatazama akina mama wengine wanavyowajali watoto wao. Hakufuta alichosema. Ameongeza kando yake.

Kwa nini basi hakuisimulia keki tangu mwanzo? Jibu langu ni hili, na ndilo nitakalolisimamia kwenye insha. Kabla ya 1845 Douglass alikuwa akihutubia mikutano ya kupinga utumwa, na watu walianza kutilia shaka kwamba mtu anayeongea vizuri namna ile amewahi kuwa mtumwa. Kitabu kiliandikwa kuwajibu. Ndiyo maana kimetangulizwa na maneno ya William Lloyd Garrison na Wendell Phillips wanaomdhamini, na ndiyo maana kimejaa majina ya mabwana, ya wanyapara, ya mito na ya mashamba, vitu ambavyo mtu wa Maryland angeweza kuvithibitisha au kuvikanusha. Majina hayo yalimweka hatarini, kwa kuwa kisheria alikuwa bado mali ya Thomas Auld na angeweza kukamatwa. Mwaka ule ule ikabidi avuke bahari kwenda Ireland, kisha Uingereza, mpaka marafiki wa huko walipomnunulia uhuru wake mwaka 1846. Mtu anayejitetea mbele ya watu wasiomwamini huleta mambo yenye shahidi. Shahidi wa keki ni mama, na mama amekufa. Kufikia 1855 alikuwa mtu huru, anaishi Rochester, ana gazeti lake mwenyewe. Sasa aliweza kuandika jambo ambalo hakuna awezaye kulihakiki, kwa sababu tu lilikuwa lake.

Septemba 21

Jioni za wiki hii nimekuwa nikimsomea bibi rasimu yangu akisuka ukili. Anaponisikiliza haangalii juu, vidole vinaendelea na miaa, ila akiguswa na jambo mkono unasimama.

Ulisimama kwenye maili kumi na mbili. Akataka aambiwe ni kutoka wapi mpaka wapi. Tukapima kwa anavyojua yeye: kutoka mjini mpaka Kaole ni kilomita tano hivi, kwa hiyo safari ya yule mama kwenda tu ni sawa na kwenda Kaole na kurudi, halafu kwenda na kurudi tena. "Na alfajiri yuko shambani?" Nikasema ndiyo. "Basi alilala na mtoto saa ngapi?" Sikuwa na la kujibu, maana kila nikihesabu, saa hazitoshi. Nimeliweka swali lake kwenye insha kama alivyoliuliza.

Ukasimama tena kwenye habari za Betsey Bailey, bibi yake Douglass, aliyemlea miaka ya mwanzo kwenye kibanda chake. Kitabu cha 1855 kinasimulia siku bibi alipoagizwa kumpeleka mjukuu shamba la Lloyd. Walitembea, mtoto akichoka bibi anambeba begani. Walipofika akamwonyesha ndugu zake, kaka na dada ambao hakuwahi kuwajua, akamwambia nenda kacheze nao. Mtoto alipogeuka, akaambiwa na watoto wenzake kuwa bibi kaondoka. Akakimbilia jikoni, kweli. Akajitupa chini akalia, akakataa pichi na peasi alizoletewa na ndugu zake kumtuliza. Anasema ndiyo mara yake ya kwanza kuujua utumwa ni nini.

Mimi niliandika kwamba bibi alimhadaa. Bibi yangu akaweka ukili chini. "Asingemhadaa angefanyaje? Amwage machozi mbele yake, mtoto aone hata bibi hana nguvu? Alimwacha kwa ndugu zake, alimwacha anacheza. Ndicho alichokuwa nacho cha kumpa." Akaongeza kwamba siku mama yangu alipoondoka kwenda Dar es Salaam, yeye ndiye aliyenipeleka kwa jirani nikacheze na vifaranga mpaka basi liondoke. Jambo hili sikuwahi kuambiwa.

Nimeibadilisha aya ile kufuata maneno ya bibi, na nimemtaja kuwa ndiye mwenye hoja.

Septemba 27

Siku ya kazi ya maktaba. Mwalimu wa historia ameuliza swali la haki: je, nausoma utumwa wa Maryland kana kwamba ni wa Bagamoyo? Nimetenga ukurasa mmoja kulijibu.

Baba yake Douglass alikuwa mzungu, na minong'ono ilisema ni bwana wake mwenyewe. Sheria ya kule ilimfanya mtoto afuate hali ya mama, kwa hiyo bwana aliyezaa na mtumwa wake alijiongezea mali, na Douglass anaisema faida hiyo waziwazi. Huku pwani, kwa sheria ya Kiislamu, mtoto wa suria aliyekubaliwa na bwana alizaliwa huru. Barghash mwenyewe, yule wa mkataba wa 1873, alizaliwa na suria. Tofauti ni kubwa na sitaifunika. Ila haimsaidii mtoto aliyekamatwa huko bara akatembezwa mpaka hapa, kwa sababu mama yake na baba yake wote wamebaki nyuma au wamefia njiani. Kwake yeye maili za kumrudisha mama usiku hazikuwepo.

Kuna jambo linalonikera katika maandishi tuliyoachiwa. Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa, ana masimulizi ya maisha yake kwa Kiswahili. Mtoro bin Mwinyi Bakari, aliyeishi hapa hapa Bagamoyo, ameeleza desturi za watumwa katika kitabu kilichotoka Ujerumani mwaka 1903, mpaka mavazi, kwamba zamani mtumwa havai kofia wala viatu. Mapadri waliofungua Misheni mwaka 1868 na kuwakomboa watoto wameandika barua na ripoti zao. Wote hao wananiambia kuhusu mtoto. Anayesema "mimi" ni mwingine. Ndiyo maana Douglass aliweka kwenye jalada kwamba kitabu kimeandikwa na yeye mwenyewe.

Oktoba 5

Sehemu ya kusoma kwa sauti imekamilika. Kwa wadogo nimechagua Baltimore. Kisa cha mama yake mdogo Hester kupigwa, ambacho Douglass alikishuhudia akiwa amejificha kabatini, nimekiacha kwenye insha tu. Sioni sababu ya kumsomea hadharani mtoto wa miaka kumi na tatu.

Baltimore ina kila kitu cha kuwavuta. Sophia Auld, mama wa nyumba alikopelekwa kutumika, anamfundisha herufi na maneno mafupi, mume wake Hugh anamkataza, anasema mtumwa akijua kusoma hatafaa tena kuwa mtumwa. Mtoto anasikia, na kwa katazo hilo anajua mlango uko wapi. Akitumwa mjini anabeba kitabu na mkate. Nyumbani kwa Auld mkate ulikuwepo wa kutosha, na mtaani kulikuwa na watoto wa kizungu maskini wenye njaa, kwa hiyo anawapa mkate, wanampa somo. Kuandika alianzia kwenye karakana ya meli, ambako mafundi waliweka alama kwenye mbao kuonyesha ni za upande gani wa chombo: L, S, F, A, yaani kwa Kiingereza kushoto, kulia, mbele na nyuma. Alizikariri, akawaendea wavulana na kuwaambia mimi najua kuandika kama wewe, wakimbishia wanaandika herufi nyingine kumshinda, naye anazichukua.

Nimekwenda ufukweni kuwauliza mafundi wa majahazi kama wanaweka alama kwenye mbao. Wanaweka, kwa mkaa au penseli, kila fundi na zake. Kijana mmoja anayejifunza kazi alinionyesha mbavu zilizopangwa mchangani, kila moja na mkwaruzo wake, akanieleza ipi inakaa wapi. Nitawaeleza wadogo hivyo hivyo, wengi wao wanapita pale kila siku wakienda sokoni kununua samaki.

Kuhusu wale wavulana, Douglass anasema angependa kuwataja kwa majina kwa shukrani, lakini hawataji. Kumfundisha mtumwa kusoma lilikuwa kosa lisilosameheka kirahisi, na hakutaka kuwaaibisha. Kitabu kilichotaja majina ya wanyapara mmoja mmoja kimewahifadhi watoto hao. Hii nimeiandika kwa furaha.

Oktoba 12

Nimesoma leo ukumbini. Wadogo walitulia kuliko nilivyotarajia, na kwenye herufi za mbao wengine walikuwa wananong'ona majina ya mafundi wanaowajua.

Maswali yalikuwa mazuri kuliko ya kikundi chetu. Msichana wa kidato cha kwanza aliuliza kwa nini mama hakumchukua mtoto wakatoroka wote usiku ule. Nikamjibu kuwa mtu mzima mwenye mtoto mdogo angefikia wapi kabla ya mapambazuko, na nikamtajia hesabu ya bibi ya Kaole. Hakuridhika, akasema yeye mama yake angejaribu. Sikumbishia. Mvulana wa kidato cha pili akauliza kama Douglass alipata watoto. Nikasema watano, na kwamba mke wake, Anna Murray, alikuwa mwanamke huru wa Baltimore aliyemsaidia kwa fedha zake kutoroka. Akauliza tena kama watoto wake walijua tarehe zao za kuzaliwa. Ukumbi ulicheka, ila mimi naliona swali hilo ndilo lililonielewa kuliko yote, na nimemwomba ruhusa niliweke kwenye insha.

Mama alikuwepo. Alikuja na basi la asubuhi, akakaa nyuma na bibi. Nilisoma sehemu ya mtu baki bila kuongeza habari zetu, kwa sababu hizo si za ukumbini. Njiani kurudi nyumbani aliniuliza kama ile ya kujificha nyuma ya bibi bado naikumbuka. Nikasema naikumbuka. Akasema hata yeye anaikumbuka, na kwamba usiku ule alikaa macho akinitazama nimelala, mpaka gari la alfajiri. Nikamwambia Douglass naye alikuwa amelala, kwa hiyo hakuandika mama alifanya nini. Tukaongea mambo mengine.

Kilichobaki ni kunakili kwa usafi na kukabidhi Ijumaa. Mwalimu ameomba sehemu ya kitabu cha pili ifupishwe, na bibi ameomba habari za Betsey zitangulie za Harriet, kwa kuwa ndizo zilizotangulia kutokea. Nitafanya yote mawili. Maktabani kuna nakala ya Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela, cha mwaka 1934, kimetoka jalada lakini kurasa zote zimo. Nimeandikisha jina langu, nakichukua Jumatatu.